Sura ya Tano: Adabu ya Bweni na Uraia wa Nchi

Nchi ya Nyanda za Juu Kusini ilijua kulea raia kabla ya kengele ya kwanza ya misheni kulia, ijapokuwa vitabu vingi vya elimu huanza hesabu yao siku ile padre wa kwanza alipopiga hema. Huko Unyakyusa, kusini ya mji wa Mbeya, palikuwa na desturi ambayo wataalamu wa mila Godfrey na Monica Wilson waliichunguza katika miaka ya 1930, na ambayo Bibi Monica Wilson aliieleza ulimwengu katika kitabu alichokipiga chapa mwaka 1951. Wavulana, baada ya kuchunga ng'ombe pamoja tangu udogoni wakiwa na kiongozi wao wenyewe, walipofikia umri wa miaka 10 au 11 walitoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao mahali pao, na kijiji kile cha hirimu moja kikakua pamoja nao hata wakaoa na kuzaa ndani yake. Chakula walikula kwa mama zao, walakini hawakwenda mmoja mmoja. Walikwenda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, na aliyependa kula peke yake alitiliwa shaka. Wanyakyusa huita tunu ya maisha hayo ukwangala, na ndani yake yamo mazungumzo mema ya watu walio sawa, kula pamoja, kusaidiana, kustahiana, na kumsikiliza mwenzi hata amalize neno lake.

Naanza kwa desturi hiyo si kwa kutamani ya kale yarudi, maana ya kale yalikuwa na ila zake, na ila iliyo kubwa kuliko zote nitaitaja punde hivi. Naanza kwayo kwa sababu shule ya bweni ya Kikatoliki, ilipoinuka katika milima hii, ilikuta shamba lililokwisha kulimwa. Watoto wa hirimu moja kulala chini ya paa moja, kula chungu kimoja, kuwa na mkubwa wao kutoka miongoni mwao na kusuluhisha magomvi yao wenyewe, hayo hayakuwa mageni kwa mzazi wa Rungwe wala wa Kyela. Kilichokuwa kigeni ni msalaba ukutani na kitabu mezani. Na ile ila kubwa ni hii, kwamba kijiji cha hirimu kilikuwa cha wanaume. Msichana hakuwa na kijiji. Alitoka kwa mama yake akaenda kwa mume, aghalabu mume aliyempita umri kwa miaka mingi, na ukwangala ukampita kando. Kwa hiyo masista walipofungua mabweni ya wasichana katika nchi hii walifanya, kwa maoni yangu, jambo kubwa kuliko walivyodhani wenyewe, kwani walimpa binti wa Nyanda za Juu kijiji ambacho ndugu zake wa kiume walikuwa nacho tangu zamani, na nafasi ya kusema mbele ya wenzi wake, kukosolewa nao, kuongoza na kuongozwa, kabla hajaitwa mke wa mtu wala mama wa mtu.

Hata hivyo bweni peke yake halimfanyi mtu kuwa raia mwema. Iringa inatuonya juu ya jambo hilo kwa historia iliyo wazi. Tosamaganga, nje kidogo ya mji, ilipata misheni ya Wabenediktini wa Kijerumani katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, zama ambazo Mtwa Mkwawa, aliyewashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, alikuwa akiwindwa katika nchi yake mwenyewe. Alijiua mwaka 1898 asije akatekwa hai, na fuvu lililosemwa kuwa lake halikurudi Kalenga hata mwaka 1954. Shule ya kwanza ya Kikatoliki katika Uhehe ilizaliwa basi katikati ya msiba wa taifa zima, na wazazi walioombwa kuleta watoto wao walikuwa watu waliotoka kupoteza mtawala na dola yao. Mwalimu aliyetaka kuheshimiwa na watoto wale ilimpasa kwanza awatambue kuwa ni wana wa watu waliokuwa na nchi, sheria na fahari yao. Na wale ambao hawakuwatambua hivyo walipata utiifu, jambo ambalo si sawa na heshima hata kidogo.

Kisha palikuwa na ushindani wa dhehebu na dhehebu. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakafika nchi ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwaka uo huo, wakaenea hata Ubena na Uhehe, wakajenga Kidugala na Pommern. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipokwisha kuondolewa, Wamisionari wa Konsolata kutoka Italia walishika upande wa Iringa, na baadaye Mapadre Weupe wakashika upande wa Mbeya. Kila upande ulikuwa na shule zake na waalimu wake, na watoto wa kijiji kimoja waliokuwa wakioga mto mmoja walijifunza kutiliana shaka kwa sababu ya namna walivyobatizwa. Juu ya hayo serikali ya kikoloni iliweka ukuta wa rangi, shule za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali. Mjini Iringa penyewe, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, ilikuwako shule ya watoto wa Kizungu yenye majina ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Joji. Haikuwa shule ya Kikatoliki, lakini naitaja kwa kuwa majengo yake yangali yamesimama na yana la kutuambia. Utengano wa shule kwa rangi uliondolewa mwaka 1962, na mahali pale pakaja kuitwa Mkwawa, na leo ni chuo kikuu kishiriki cha elimu ambamo waalimu wa kesho wanafunzwa. Kijana anayesomea ualimu katika madarasa ambayo babu yake asingaliruhusiwa kukaa ndani yake ana somo la uraia mbele ya macho yake kila asubuhi.

Mwaka 1969, kwa Sheria ya Elimu, Serikali ilitwaa shule za mashirika ya dini, na sekondari ya Tosamaganga ikawa miongoni mwa zilizotwaliwa. Seminari zilisalia mikononi mwa Kanisa. Najua kwamba mapadre na masista wengi waliumia moyo, na si vigumu kuelewa huzuni ya mtu aliyefyatua matofali kwa mikono yake kisha akakabidhi ufunguo. Walakini insafu inanilazimisha kusema kwamba hatua ile iliondoa jambo moja baya: mtoto wa Kiislamu, wa Kilutheri na wa Kikatoliki walikaa dawati moja bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Mashirika ya dini yaliporuhusiwa tena kujenga na kuendesha shule, na hasa kuanzia miaka ya 1990, Kanisa lilirudi katika kazi hiyo ndani ya nchi iliyokwisha kuzoea uchanganyiko. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo waliunda tume moja ya huduma za jamii, na wale waliokuwa wakigombea watoto vijijini wakakaa meza moja kusimamia shule na hospitali. Hicho nacho ni kitendo cha uraia, na kingefaa kutajwa darasani kuliko kinavyotajwa.

Sasa nije katika shule zenyewe kama zilivyo leo. Mtazame mtoto wa kidato cha kwanza anapofika langoni mwezi wa Januari, mvua za Mbeya zikiwa zinanyesha na ukungu umeufunika Mlima Loleza. Baba amebeba tranka la bati begani; mama ameshika ndoo yenye sabuni, mswaki na kandambili, na fagio la chelewa limechomoza juu yake; godoro limefungwa kwa kamba, na jembe na kwanja vimeviringishwa katika gunia visije vikamkata mtu. Mwalimu wa zamu ameketi nyuma ya meza na fomu ya kujiunga, anahesabu shuka, sweta na rimu ya karatasi. Mtoto hatazami majengo wala bustani. Anatazama jinsi baba yake anavyosemeshwa. Ikiwa baba yule, mkulima wa viazi kutoka Uporoto, anaambiwa asimame kando mpaka mwenye gari ashughulikiwe, na anaulizwa ada iliyopungua kwa sauti inayosikika na foleni nzima, mtoto amekwisha kujifunza uraia wa shule ile, na mahubiri ya miaka minne hayatamfunza mwingine. Na ikiwa mwalimu, ambaye kwa umri ni mwanawe, anainuka katika kiti, anasema, "Shikamoo, mzee. Karibu, pole na safari," kisha habari ya ada anaipeleka ofisini kwa faragha, mtoto amejifunza pia, na hatasahau. Nasema hivi kwa uhakika wote nilio nao: mtoto hupima utu wake mwenyewe kwa kipimo ambacho watu wazima wamempimia mzazi wake.

Usiku unapoingia, madhila mengine huanza. Katika kijiji cha hirimu wote walikuwa wa umri mmoja, na hapo ndipo bweni la shule linapotofautiana na kijiji kile, maana bweni lina vidato, na vidato huzaa wakubwa na wadogo. Mgeni huitwa njuka. Huamshwa kabla ya kengele akamchotee maji dada wa kidato cha nne, hufua nguo za wengine kwa mikono yake katika baridi ya Mafinga ambayo mwezi wa Juni huwafanya hata wazima watetemeke, hutaniwa kwa lafudhi yake, na akilia huambiwa kwamba wote walipitia huko. Hoja hiyo ya kwamba wote tulipitia huko ndiyo adui mkubwa wa heshima katika shule zetu, kwa sababu humfanya aliyeonewa jana kuwa na haki ya kuonea leo, na mwenye kukulia ndani yake atakuja kuwa karani, askari, mganga au mbunge anayedhani kwamba cheo ni zamu yake ya kutesa. Mambo mengi tunayoyalalamikia katika ofisi za umma, mwananchi kungojeshwa bila sababu, mama mjamzito kufokewa kaunta, mzee kuambiwa "njoo kesho" na kijana asiyeinua macho yake, yalianza kufunzwa bwenini, baada ya taa kuzimwa, mahali ambapo mwalimu hakutaka kwenda.

Dawa yake si ya ajabu, ila inataka watu wasiochoka. Mlezi wa bweni alale karibu. Mkubwa wa kidato cha nne akabidhiwe njuka mmoja awe mlezi wake kwa jina, aulizwe habari zake kila juma, na asifiwe mbele za watu njuka wake akistawi. Zamu ya kupiga deki na kusafisha vyoo iwaguse wote, kiranja akiwa wa kwanza katika orodha, maana mtoto aliyemwona dada mkuu ameinama na brashi mkononi hataona fedheha ya kazi hiyo wala hatamdharau anayeifanya kwa mshahara. Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe alifundisha katika shule za Kikatoliki za Mtakatifu Maria Tabora na Mtakatifu Fransisko Pugu mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, alionya katika Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 juu ya shule inayomtenga msomi na watu wake na kumtia kiburi. Shamba la shule ndilo watu wengi wanalolikumbuka katika waraka ule. Mimi naona jikoni pana mtihani mgumu zaidi kuliko shambani. Mpishi anayeamka saa 10 ya usiku kuchochea kuni chini ya sufuria la uji, kisha akapakua ugali na maharage kwa watoto mia kadhaa, je, wanamjua jina? Humsalimu? Siku ya mahafali hupewa kiti, au huletwa jukwaani pilau likikwisha kuiva tu?

Utani wa makabila nao unataka neno, kwa sababu katika nchi yetu ni kitu chenye thamani na watoto hukitumia vibaya. Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, walikuja kuwa watani, na kwa njia hiyo uadui ukageuka kuwa ruhusa ya kuchekana pasipo kuumizana. Lakini utani una mipaka yake na wenyewe wake: mtani hujulikana, hujibu, na siku ya msiba huja kwanza. Watoto ishirini wanapomzunguka mmoja na kumcheka kwa sababu ya kabila lake, naye hana la kujibu, huo si utani ila ni dhuluma iliyovaa nguo za utani, na mwalimu anayecheka pamoja nao amewapa kibali. Nimependa siku zote jinsi watu wa Iringa wanavyoamkiana "Kamwene" njiani hata wasiojuana, na Mnyakyusa anavyomwambia mwenzake "Ugonile". Ingekuwa vyema kila mtoto wa bweni afundishwe salamu ya kila kabila la wenzi wake kabla hajajua jina la kuwachekea.

Suala la kiboko haliepukiki. Kanuni za nchi huruhusu adhabu hiyo kwa masharti: itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha, viboko visizidi 4, na kila adhabu iandikwe daftarini. Mnamo Oktoba 2016 picha za video zilienea Tanzania nzima zikionyesha waalimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi kwa ngumi na mateke katika ofisi ya shule moja ya kutwa mjini Mbeya, nchi ikafadhaika, na Serikali ikachukua hatua. Shule ile haikuwa ya Kanisa, na tusijifariji kwa hilo. Wapo kati yetu ambao husoma methali ya samaki kukunjwa angali mbichi kana kwamba ni leseni ya fimbo, ilhali samaki akikunjwa kwa nguvu huvunjika, na mpishi mwema anajua hivyo. Padre au sista anayeshika kiboko ana mzigo uliozidi wa mwalimu mwingine, kwa maana asubuhi ile ile amewasomea watoto Injili ya wadogo na Ufalme wa Mungu, na watoto huyalinganisha mambo hayo mawili kimya kimya. Mimi nasimama pamoja na wale wanaotaka fimbo iondoke kabisa katika shule za Kikatoliki, hata kama kanuni zinairuhusu, kwa sababu mtoto anayepigwa hujifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye hoja, na hilo ndilo somo ambalo uraia wa nchi yenye sheria unajaribu kulifuta.

Kuhusu dini, waalimu wa shule za Kanisa wangefanya vyema kukumbuka kwamba tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza hati mbili siku moja, ya elimu ya Kikristo na ya uhusiano wa Kanisa na dini zisizo za Kikristo. Ya kwanza inataka shule iwe jumuiya yenye roho ya uhuru na mapendo. Ya pili inawataja Waislamu kwa staha na kuwaalika Wakristo wafanye kazi pamoja nao kwa ajili ya haki na amani. Hati hizo, kwa maoni yangu, hazisomeki vema mbalimbali. Mzazi Mwislamu wa Mbalizi au wa Ipogolo anayempeleka binti yake kwa masista amewaamini kwa kitu alicho nacho cha thamani kuliko vyote. Binti huyo hana wajibu wa kuwa Mkristo ili apate alama. Na katika mwezi wa Ramadhani anayo haki ya kuwekewa chakula cha futari na daku pasipo kuonekana msumbufu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 19, inampa uhuru wa imani, na katika ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa utu wake. Shule haipotezi Ukatoliki wake kwa kuzitii ibara hizo. Huupoteza inapomlazimisha mtoto kupiga magoti mbele ya altare asiyoiamini, kwani sala ya kulazimishwa humdhalilisha anayesali na Anayesaliwa.

Nimesema kidogo juu ya somo lenyewe la uraia, nami nitaendelea kusema kidogo. Lilikuwa Siasa wakati wa chama kimoja, likawa Uraia baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, likawa Uraia na Maadili katika shule za msingi, na kwa mtaala ulioanza kutumika 2024 limekuja somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Majina yamebadilika na yatabadilika. Mtoto hukariri mihimili mitatu ya dola akapata alama zake, na siku ya uchaguzi wa viranja ndipo tutajua kama ameielewa. Katika shule nyingi wagombea hujieleza mbele ya wenzi wao, kura hupigwa, masanduku hufunguliwa, na kisha orodha huingia ofisini na hutoka ikiwa na majina mengine. Afadhali shule isiyofanya uchaguzi kabisa, ikasema wazi kwamba waalimu ndio wateuzi, kuliko ile inayowapigisha watoto kura na kuigeuza, kwa maana ya kwanza inawanyima somo tu, na ya pili inawafunza kwamba kura ni mchezo wa wakubwa. Ikiwa waalimu wana masharti juu ya wagombea, masharti hayo yabandikwe ubaoni kabla ya kampeni, na matokeo yakishasomwa yaheshimiwe. Midahalo ya Ijumaa jioni nayo ina faida isiyonunulika, mradi mwenyekiti ajue kumlinda msemaji asiyependwa. Mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi baada ya Uhuru. Mtoto wa Iringa akiambiwa hivyo ataona kwamba ukoo uliosifika kwa mkuki umesifika pia kwa kuwapa watu zamu ya kusema.

Limebaki jambo ambalo linaniumiza kuliko mengine, nalo ni mbio za alama. Shule za Kikatoliki za nyanda hizi zimepata jina kubwa katika mitihani ya taifa. Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Fransisko ya Mbeya imetajwa mara nyingi miongoni mwa za kwanza nchini, na sifa hiyo ni halali, imetokana na jasho la wasichana na waalimu wao. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora, na mimi niliipokea habari hiyo kwa shukrani, kwa sababu orodha ile ilikuwa imewasukuma wakuu wa shule wengi katika jambo la aibu liitwalo mchujo: mtoto asiyefikia wastani uliowekwa huambiwa arudie kidato au ahame, ili asiliharibu jina la shule mwaka wa mtihani. Wizara imekataza, na bado wazazi huitwa ofisini na kushauriwa kwa sauti ya upole watafute shule nyingine. Sijui namna ya kupatanisha mchujo na jina la Kikatoliki. Jumuiya inayomwambia mwanachama wake dhaifu aondoke ili takwimu zipendeze imeukana ukwangala wa Wanyakyusa na imeikana Injili kwa pamoja, na mtoto aliyebaki darasani, akitazama dawati tupu la mwenziwe, amefunzwa kwamba nafasi yake miongoni mwa watu inategemea faida anayoleta. Matokeo mazuri yanawezekana pasipo dhuluma hiyo. Yanagharimu masomo ya jioni, waalimu wenye subira, na mkuu wa shule aliye tayari kushika nafasi ya thelathini mwaka huu kwa ajili ya watoto wanne.

Nawaomba basi wakuu wa shule wa Majimbo ya Iringa na Mbeya, mapadre, masista na walei, kabla ya muhula mpya kuanza wafanye kazi moja inayotaka jioni moja tu. Wafungue daftari la adhabu la mwaka uliopita na orodha ya watoto waliohama, waziweke mezani pamoja, na watazame majina ni ya watoto gani: wa ada iliyochelewa, wa kabila fulani, wa dini fulani, wa alama za chini, au wa waliothubutu kuuliza swali. Kisha wawaite waalimu wote na viranja wote, wawasomee walichokiona bila kuficha, na wakubaliane mbele ya watoto ni lipi litakaloachwa kuanzia siku ile.